Boti Iliyoitwa Kenia na Mashine za Kwanza za Kusukuma Vyombo Majini

Mvua inayonyesha juu ya Timau hugawanyika njia mbili. Ile inayoangukia mabonde ya Sirimon, Ngusishi na Mto Timau wenyewe huteremka kaskazini, ikaingia Ewaso Ng'iro na kumalizikia katika kinamasi cha Lorian, mbali na bahari. Ile inayoangukia ng'ambo ya migongo ya mashariki, upande wa Meru, huingia Kathita na mito mingine inayolisha Tana, kisha husafiri mamia ya kilomita nyikani mpaka Bahari ya Hindi, karibu na Kipini. Mwaka 1891 boti ya mvuke iliyapanda maji haya ya pili kutoka pwani. Ilikuwa na gurudumu la makasia shetrini, na walioipa jina waliutazama mlima wetu, Mlima Kenya, kwa tamaa: waliiita Kenia.

Aliyeiongoza alikuwa Kamanda F. G. Dundas wa jeshi la wanamaji la Uingereza, akiitumikia Kampuni ya Imperial British East Africa. Pamoja naye alikuwapo C. W. Hobley, kijana mwanajiolojia aliyekuja baadaye kuwa ofisa mkubwa wa serikali ya kikoloni. Kampuni ilitaka kujua kama Tana ingeweza kuwa barabara ya kutoka pwani hadi nchi yenye rutuba iliyozunguka mlima. Boti ilipanda mpaka maporomoko yalipoizuia. Wasafiri wakashika njia kwa miguu, wakafika upande wa kusini wa mlima, wakapenya msitu hadi mita 2,650 hivi, wakarudi.

Sisi tunaoishi kuuzunguka mlima huu tunasimuliwa sana habari za Teleki, aliyeupanda nusu mwaka 1887, na za Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899. Kenia haitajwi, nami naona ni hasara. Boti hiyo ilibeba ndani yake miaka mia moja ya majaribio ya watu waliotaka chombo kiende bila upepo na bila mikono ya wapiga makasia. Ilipokwama, ilionyesha kitu ambacho orodha za wavumbuzi hazikionyeshi: injini ni sehemu tu ya jambo. Chombo lazima kiwe na namna ya kuyashika maji, kiwe na kitu cha kuchoma, na kiwe na njia inayostahili gharama yake. Ukiisoma historia ya meli za mashine kwa macho hayo, walioshindwa wanaeleweka vizuri kuliko tunavyoelezwa, na walioshinda wanapungua kimo kidogo.

Gurudumu lilitangulia mvuke

Vitabu vya shule huanza na mvuke. Lakini gurudumu la kupigia maji liliitangulia injini kwa karibu miaka elfu moja. Nchini China, katika karne ya 8, mwanamfalme Li Gao wa nasaba ya Tang aliunda vyombo vya vita vilivyoendeshwa na watu waliokanyaga vikanyagio vya kuzungusha magurudumu. Katika karne ya 12, wakati wa nasaba ya Song, vyombo vya namna hiyo vilipigana katika ziwa Dongting, na mwaka 1161 vilisaidia kulizuia jeshi la Jin lisivuke mto Yangtze huko Caishi. Huko Hispania, Blasco de Garay aliwaonyesha watu wa Barcelona mwaka 1543 meli iliyosukumwa na magurudumu yaliyozungushwa kwa mikono. Karne tatu baadaye ikadaiwa kwamba alitumia mvuke. Madai hayo hayana msingi. Denis Papin naye hupewa sifa isiyo yake. Boti aliyoiteremsha mto Fulda kutoka Kassel mwaka 1707 ilikuwa na magurudumu, lakini iliendeshwa kwa mikono. Iliishia kuvunjwavunjwa na wanachama wa chama cha mabaharia wa mto huko Münden, waliolinda haki yao ya kubeba mizigo. Wale mabaharia walielewa hatari iliyowakabili kabla hata mvuke haujapanda chomboni.

Kwa hiyo swali la kwanza, la namna ya kuyashika maji, lilikuwa na jibu moja zamani sana. Kilichokosekana ni nguvu isiyochoka. Injini ya Thomas Newcomen ya mwaka 1712 ilikuwa na nguvu hiyo, lakini iliundwa kwa ajili ya kutoa maji migodini: ilikuwa nzito kama nyumba, ilikula makaa ya mawe bila kiasi, na mwendo wake ulikuwa wa kupanda na kushuka tu. Jonathan Hulls alipata hataza mwaka 1736 ya kuifunga injini hiyo juu ya boti ya kuvuta meli, gurudumu likiwa nyuma. Wazo lake la kuweka gurudumu shetrini ndilo hasa lililokuja kutumika kwenye Kenia miaka 155 baadaye. Lakini mgodini, pale penye makaa kando ya shimo, ulafi wa injini haukumuumiza mtu. Majini kila gunia la makaa huchukua nafasi ya gunia la bidhaa. James Watt alipotenga chumba cha kupozea mvuke katika hataza yake ya mwaka 1769, na katika miaka ya 1780 akaifanya injini izungushe gurudumu, ndipo hesabu ilipoanza kukubali.

Miaka minane ya kujaribu kila kitu

Kipindi kinachonivutia kuliko vyote ni kati ya 1783 na 1790. Injini ilikuwa tayari inakaribia kutosha, lakini hakuna aliyejua ni kiungo gani kiguse maji, basi kila mtu akajaribu lake.

Mfaransa Jouffroy d'Abbans alikuwa ameanza mwaka 1776 kwa kuiga nyayo za bata: mabawa yenye bawaba yaliyofunguka yakisukuma na kujifunga yakirudi. Hayakufaa, kwa sababu mkondo wa mto haukuyaacha yafunguke kwa wakati. Akarudi kwenye gurudumu, na tarehe 15 Julai 1783 chombo chake Pyroscaphe kiliupanda mto Saône huko Lyon kwa muda wa robo saa hivi, mbele ya umati. Wataalamu wa Paris walikataa kumpa kibali, fedha zikamwishia, na Mapinduzi ya Ufaransa yakafunga ukurasa.

Huko Marekani, John Fitch, fundi wa saa na wa fedha, aliona wapiga makafi na akafikiri mashine ingeweza kufanya vivyo hivyo. Tarehe 22 Agosti 1787, kwenye mto Delaware huko Philadelphia, aliwaonyesha wajumbe waliokuwa wakiandika katiba ya nchi yao boti yenye makafi sita kila upande, yakichovya na kuinuka kwa nguvu ya mvuke. Ilikwenda. Miaka mitatu baadaye, akiwa na boti nyingine iliyopiga maji kwa nyuma, Fitch aliendesha huduma ya abiria yenye ratiba kati ya Philadelphia na Trenton. Tunapaswa kulisema hili bila kusita: mwaka 1790, miaka 17 kabla ya Robert Fulton kusifiwa, palikuwa na boti ya mvuke iliyochukua nauli. Kwa nini basi Fitch alikufa maskini mwaka 1798? Sehemu kubwa ya jibu iko nchi kavu. Kando ya Delaware palikuwa na barabara nzuri na magari ya farasi, na abiria hawakuona sababu ya kupanda kitu chenye kelele na moshi ili wafike mahali ambapo farasi angewafikisha. Mashine yake ilifanya kazi, lakini njia aliyoichagua haikuihitaji.

James Rumsey alikwenda upande mwingine kabisa. Desemba 1787, katika mto Potomac, boti yake ilijisukuma kwa pampu iliyovuta maji kwa mbele na kuyatupa kwa nyuma. Mkulima wa Timau anayeshika mpira wa kumwagilia viazi anaijua nguvu hiyo: bomba likifunguliwa ghafla, mpira humsukuma nyuma. Kanuni ni ileile katika vyombo vyote. Chombo huenda mbele kwa kuyatupa maji nyuma. Tofauti iko katika namna ya kuyatupa. Ukitupa maji mengi polepole, unapoteza nguvu kidogo. Ukitupa maji machache kwa kasi kubwa, sehemu kubwa ya nguvu yako inaondoka na maji. Pampu na mabomba ya siku za Rumsey yaliruhusu maji machache tu, nayo humo ndani yalikwaruzana na kuta za bomba. Alikufa London mwaka 1792 akijiandaa kwa jaribio jingine. Leo boti za kasi na vyombo vinavyopita maji ya kina kifupi hutumia kanuni yake, kwa sababu injini za leo zina nguvu ya kumudu hasara iliyomshinda yeye.

Gurudumu lilishinda shindano la kwanza kwa sababu za kawaida sana. Lilizunguka polepole, sawa na injini za wakati ule, hivyo lilifungwa moja kwa moja kwenye shafti bila gia. Lilishika maji mengi. Likivunjika kasia moja, fundi wa mbao alilitengeneza palepale. William Symington alilithibitisha katika mfereji wa Forth na Clyde huko Scotland, Machi 1803, pale Charlotte Dundas ilipovuta majahazi mawili ya tani 70 kila moja kwa umbali wa kilomita 31 hivi, dhidi ya upepo uliozuia vyombo vingine vyote. Wenye mfereji wakaikataa, wakihofia kwamba mawimbi yake yangebomoa kingo. Hapa tena mashine haikuwa na kosa.

Fulton alifanikiwa mwaka 1807 kati ya New York na Albany, kilomita 240 kwa saa 32, akiwa na injini iliyonunuliwa kwa Boulton na Watt. Sioni uvumbuzi mkubwa katika chombo chake. Naona mtu aliyechagua mto vizuri: Hudson una kina, mkondo wake ni mpole, mashua za matanga ziliweza kuchukua siku kadhaa kuupanda, na barabara za kandokando zilikuwa mbaya. Henry Bell akafuata mwaka 1812 na Comet huko Clyde. Baada ya hapo mito ya Ulaya na Marekani ilijaa moshi.

Mfuga kondoo na parafujo

Baharini gurudumu lilikuwa na aibu zake. Meli ikilala upande mmoja katika mawimbi, gurudumu moja huzama na jingine huzunguka hewani, na shafti hupindika kwa mzigo usio sawa. Meli inayoondoka na makaa tele huwa imezama chini. Ikikaribia kufika imeinuka, na magurudumu yaliyopimwa kwa kina cha kwanza hayagusi maji ipasavyo. Kwa manowari ubaya ulizidi, maana risasi moja ilitosha kuvunja gurudumu, na gurudumu lenyewe lilikaa mahali pa mizinga.

Jibu lilikuwa rafadha, yaani parafujo ya kusukumia chombo, lakini nayo haikuwa wazo jipya. Parafujo ya Archimedes ya kuinulia maji ilijulikana tangu kale. David Bushnell aliweka parafujo ya kuzungushwa kwa mkono katika nyambizi yake Turtle mwaka 1775, John Stevens alisukuma boti kwa rafadha mbili mwaka 1804, na Josef Ressel aliijaribu huko Trieste mwaka 1829 katika chombo kiitwacho Civetta, bomba la mvuke likapasuka na polisi wakapiga marufuku. Aliyeivusha ni Francis Pettit Smith, mfugaji wa kondoo nchini Uingereza, aliyekuwa akichezea vyombo vidogo katika kidimbwi cha shambani mwake. Alipata hataza Mei 1836. Parafujo yake ya mbao ilikuwa ndefu, yenye mizunguko miwili kamili. Mapema mwaka 1837, akiwa katika majaribio kwenye mfereji wa London, iligonga kitu na nusu yake ikakatika. Boti ikaongeza kasi. Smith alikuwa na akili ya kutolipuuza jambo hilo: urefu wote ule ulikuwa ukiongeza msuguano tu, na kazi ya kusukuma ilifanywa na kipande kifupi. Rafadha fupi na pana tunazozijua zilianzia katika ajali hiyo.

Mwaka huohuo John Ericsson, Mswidi, alivuta mashua ya wakuu wa jeshi la majini la Uingereza kwenye mto Thames kwa rafadha zake, nao wakamkatalia, wakiamini kwamba chombo kinachosukumwa kwa nyuma hakitasikia usukani. Smith akaunda Archimedes, ikaelea mwaka 1838. Mhandisi Brunel akaiazima, akaichunguza kwa miezi, kisha akabadilisha mpango wa meli yake Great Britain, ambayo ilikuwa iwekewe magurudumu. Iliposhushwa majini mwaka 1843 ilikuwa na rafadha moja iliyoendeshwa kwa minyororo, kwa sababu injini yake ilizunguka mara 18 kwa dakika na rafadha ilihitaji mizunguko 54. Hapo utaona kwamba rafadha haikuchelewa kwa kukosa mtu wa kuiwazia. Ilisubiri injini za haraka. Ilisubiri pia jibu la shida ndogo na mbaya: tundu ambamo shafti hupita kutoka ndani ya meli lililika na kuvujisha maji. John Penn aliitatua mwaka 1854 kwa kulivika tundu hilo vipande vya mti mgumu wa lignum vitae, ambavyo maji yenyewe ya bahari huvilainisha. Mwaka 1845 manowari Rattler yenye rafadha na Alecto yenye magurudumu zilifungwa shetri kwa shetri, zote zikaenda kwa nguvu zote, na Rattler ikaikokota mwenzake kinyumenyume. Lilikuwa onyesho la kuwaridhisha wanasiasa, maana wahandisi walikwisha kuamua.

Upepo wa bure wa Bahari ya Hindi

Pwani yetu haikuwa ikisubiri mashine kwa kiu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na mfumo huo ulikuwa na karne nyingi ukijiendesha bila senti moja ya mafuta. Injini za meli za katikati ya karne ya 19 zilichoma takriban kilo mbili za makaa kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi, na makaa yenyewe yalitoka mbali, mengi Wales. Ukiyafikisha Zanzibar yamekwisha kuwa ghali kuliko shehena nyingi. Nahodha wa jahazi aliyeendelea kutweka tanga alikuwa akipiga hesabu sahihi.

Mambo mawili yalibadilisha hesabu hiyo. La kwanza ni injini ya hatua mbili, inayoutumia mvuke katika silinda ndogo kisha ikautumia tena katika kubwa. John Elder aliiweka melini mwaka 1854, na Alfred Holt akaionyesha faida yake katika safari ndefu za China kuanzia 1866. Makaa yakapungua karibu nusu. La pili ni mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Meli za matanga hazikuupenda, kwa sababu Bahari ya Shamu ni nyembamba na upepo wa kaskazini huzikabili, kwa hiyo mfereji ulikuwa zawadi kwa mvuke peke yake. Mwaka 1872 kampuni ya British India ya William Mackinnon ilianza kuleta barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Mwaka huohuo, Aprili, kimbunga kilivunja karibu vyombo vyote vya Sultan Barghash wa Zanzibar. Alipojenga upya alinunua merikebu za moshi, na mojawapo, Glasgow, ilikuwa na milingoti mitatu pamoja na injini, kama watu wa wakati ule walivyopenda kujihadhari. Ilizamishwa bandarini na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896.

Mackinnon ndiye uzi unaotufikisha mlimani. Huduma ya barua ilimpa sauti Zanzibar, sauti ikamzalia kampuni ya Imperial British East Africa mwaka 1888, na kampuni hiyo ndiyo iliyotuma Kenia mtoni.

Mito mitatu

Kabla ya Kenia, vyombo viwili vilikwisha kuyapima maji ya Afrika Mashariki na kulipa kwa mwili.

Mwaka 1858 David Livingstone aliingia Zambezi na Ma Robert, boti ya magurudumu yenye mabamba membamba ya feleji ya siku zile, iliyoundwa na Laird wa Birkenhead. Tanuri yake ilichoma kuni kwa wingi hivi kwamba watu walitumia siku nzima wakikata miti ili wapate saa chache za mwendo. Mabamba yakatoboka kutu, na Desemba 1860 ikazama. Juu zaidi, maporomoko ya Cahora Bassa yalikuwa yamefunga mto kwa mashine yoyote. Boti ya mwisho ya msafara huo, Lady Nyassa, Livingstone aliivusha mwenyewe kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1864, pamoja na vijana Chuma na Wakatani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo waliiendea kwa matanga.

Baroni Karl Klaus von der Decken, aliyekuwa ameupanda Kilimanjaro kwa sehemu, alileta Welf katika mto Juba mwaka 1865. Chombo cha pili kidogo kilipotea katika mawimbi ya mlango wa mto. Welf ilipanda mpaka juu ya Bardera, ikagonga miamba Septemba, na siku chache baadaye baroni na baadhi ya wenzake wakauawa. Kenia yenyewe, ikiongozwa na Dundas, iliupanda Juba hadi Bardera muda mfupi baada ya safari ya Tana.

Ukilinganisha vyombo hivi unaona kwamba waundaji walikuwa wakijifunza. Gurudumu moja la nyuma lilifaa mto wetu kuliko magurudumu mawili ya ubavuni. Kando ya Tana ya chini kuna miti inayoinamia maji na kona zinazojirudia; gurudumu la ubavuni lingevunjika kwa kila kingo. Likiwa nyuma, hukaa katika kivuli cha chombo na kuguswa na maji tu. Rafadha haikufaa: ili ishike maji lazima izame yote, na Tana wakati wa kiangazi ina mafungu ya mchanga ambapo mtu huvuka maji yakimfika magotini. Waundaji kama Yarrow wa London walijipatia jina duniani kwa boti za aina hii, zilizohitaji kina kidogo sana na zilizoweza kufunguliwa vipande na kuunganishwa tena. Kwa hiyo Dundas alikuwa na chombo sahihi kwa maji yale, chenye masomo yote ya karne ndani yake.

Wapokomo waliokaa kingoni walikuwa na jibu lao la siku nyingi: mtumbwi wa gogo moja na pondo. Pondo hushika mchanga wa chini, si maji, na kadiri mto unavyopungua kina ndivyo linavyofanya kazi vizuri. Penye mafungu ya mchanga hakuna mashine ya karne ya 19 iliyolizidi. Wapokomo walijua pia kwamba mkondo wa Tana huhama. Mafuriko ya masika na vuli hukata kona mpya na kuacha za zamani kuwa maziwa, na ramani ya mwaka mmoja humpoteza nahodha wa mwaka unaofuata. Hata mlango wake baharini uligeuzwa na mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi. Boti ya mvuke inataka mahali pa kudumu pa kupakia kuni, pa kutia nanga na pa kupakua, na mto huo hauahidi hata kimoja.

Kisha kuna swali la njia, lile lililomuua Fitch. Hata kama Kenia ingefika kila mwezi chini ya maporomoko, palibaki mwendo wa siku nyingi katika nyika kavu kabla ya mashamba ya kwanza ya miteremko ya mlima. Shehena ingepakuliwa na kuwekwa mabegani mwa wapagazi hapohapo penye joto na ukame mbaya zaidi. Hakuna gurudumu wala rafadha ambayo ingelitibu hilo.

Ziwani mashine ilipata nyumba

Maziwa makuu yalikuwa na kila kitu ambacho Tana ilikosa: kina, miji ya pwani pande zote, na hakuna mkondo. Ugumu wote ulikuwa kufika. Ilala ya wamisionari wa Scotland iliingia Ziwa Nyasa Oktoba 1875 baada ya mamia ya wapagazi kuibeba vipande vipande kuyapita maporomoko ya Shire. Good News ya London Missionary Society ilielea Tanganyika mwaka 1885. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi, na chombo kizima kililazimika kukatwa kwa kipimo cha bega la mtu. Boila ndiyo haikukatika. Ile ya Chauncy Maples, meli ya Ziwa Nyasa iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilikuwa na tani 11, na Wangoni 450 waliikokota nchi kavu kwa kamba. Tunapoandika historia ya meli za mvuke za Afrika Mashariki, majina ya wahandisi hujaa kurasa. Watu hao 450 walifanya kazi ambayo injini yenyewe haikuweza kuifanya, na wanastahili kuwekwa katika mstari uleule na Symington na Smith.

Meli iliyopewa jina la William Mackinnon iliundwa Paisley, ikafika Mombasa ikiwa vipande, ikachukua miaka kufika ziwani, na ikaelea Kisumu mwaka 1900. Ilikuwa ya mwisho ya aina yake kusumbuka hivyo huko. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, na Winifred na Sybil zilizofuata zilisafiri kwa behewa. Huko Tanganyika, Graf von Goetzen ya Papenburg, iliyofika Kigoma kwa reli ndani ya masanduku takriban 5,000, ilielea Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 wakiwa wamezipaka injini grisi; ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 ikiitwa Liemba. Injini zake za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970, dizeli zikaingia, na rafadha mbili zikabaki rafadha mbili.

Reli ya Uganda ndiyo pia iliyomfikisha Mackinder karibu na mlima. Mwaka 1899 alipanda gari moshi kutoka Mombasa mpaka Nairobi, kisha akatembea, na bonde lenye jina lake ndilo wapandaji hulipitia leo wakiingia kwa lango la Sirimon, mwendo mfupi kutoka Timau. Kampuni ya Mackinnon ilikuwa imekwisha kukabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza mwaka 1895, na Tana haikufikiriwa tena kuwa barabara ya mlimani. Mteremko uliomzuia Dundas ulipata kazi nyingine: juu zaidi ya mahali boti yake ilipofika yalijengwa mabwawa ya Kindaruma mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Humo maji hayasukumwi na magurudumu. Yenyewe huzungusha mitambo ya umeme, na sehemu ya umeme huo huwasha pampu zinazomwagilia mashamba ya maua ya miteremko hii.

Maua hayo sehemu yake sasa husafirishwa baharini kutoka Mombasa ndani ya makontena yenye baridi. Kuanzia mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoiacha Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari hiyo ilirefuka kwa wiki kadhaa, na mkulima wa Timau akajikuta akipiga hesabu ileile aliyoipiga Mackinnon mwaka 1872: ni siku ngapi, ni mafuta kiasi gani, na je, mzigo unastahili.